Utunzaji wa Deki na Visu vya Mashine ya Kukatia Nyasi ya Kuendesha: Mwongozo kwa Taasisi na Wananchi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Katika shule, hospitali, viwanja vya michezo na maeneo ya wazi ya halmashauri nyingi nchini, mashine ya kukatia nyasi inayoendeshwa na mtu aliyeketi juu yake imekuwa miongoni mwa vitendea kazi vya kawaida. Mashine moja humaliza kwa saa chache eneo ambalo kundi la watu wenye mafyekeo lingelishughulikia kwa siku nzima au zaidi. Hata hivyo, si jambo geni kukuta mashine ya aina hii, iliyonunuliwa kwa fedha za umma, imeegeshwa chini ya mwembe huku majani yakiota kati ya matairi yake, ilhali injini yake ni nzima. Mara nyingi kilichoishinda mashine hiyo si injini, bali ni sehemu ya chini ambayo macho hayaifikii: deki na visu vyake.

Makala haya yanaeleza namna sehemu hizo zinavyofanya kazi, jinsi ya kuzikagua, kuzisafisha, kuzinoa na kuzirekebisha, pamoja na tahadhari zinazopaswa kuzingatiwa. Yamekusudiwa kuwasaidia waendeshaji wa mashine, mafundi wa taasisi, wakuu wa shule, maofisa ugavi na wananchi wanaomiliki mashine hizo kwa matumizi ya nyumbani au biashara. Maelezo haya ni ya jumla. Pale yanapotofautiana na kitabu cha mtengenezaji wa mashine husika, kitabu hicho ndicho cha kufuatwa.

Deki ni nini na inafanyaje kazi

Deki ni sahani pana ya chuma iliyofunikwa kama sinia lililopinduliwa, inayoning'inia chini ya mashine kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Ndani yake kuna visu viwili au vitatu vinavyozunguka sambamba na ardhi. Deki yenye upana wa inchi 42, yaani takribani sentimita 107, kwa kawaida huwa na visu viwili, na zile pana zaidi mara nyingi huwa na vitatu. Kila kisu kimefungwa kwa bolti au nati kwenye shafti fupi inayozunguka ndani ya beringi. Juu ya kila shafti kuna puli, na puli zote huzungushwa na mkanda unaopokea nguvu kutoka kwenye injini.

Kisu cha mashine hii hutofautiana na panga au fyekeo. Makali yake yapo kwenye ncha mbili tu, na nyuma ya makali hayo chuma kimekunjwa kuelekea juu kama mbawa ndogo. Kisu kinapozunguka, mbawa hizo huvuta hewa kutoka chini. Hewa hiyo hunyanyua majani ili yakatwe yakiwa yamesimama, kisha huyasukuma yaliyokatwa kutoka kwenye deki kupitia mdomo wa pembeni. Kwa sababu hiyo, deki iliyojaa uchafu au kisu ambacho mbawa zake zimelika hukata vibaya hata kama makali yamenolewa vizuri. Hewa inapokosa nafasi au msukumo, nyasi hulala chini badala ya kusimama.

Ni vyema pia kufahamu nguvu iliyomo. Kisu chenye urefu wa sentimita 50 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika kina ncha inayosafiri takribani mita 78 kwa sekunde, sawa na zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Jiwe, kifuniko cha chupa au kipande cha waya kikiguswa na ncha hiyo kinaweza kurushwa mbali na kumjeruhi mtu vibaya. Taasisi inayokata nyasi wakati wanafunzi wapo uwanjani, au wagonjwa na ndugu zao wamepumzika kwenye bustani, inapaswa kulifahamu jambo hili kabla ya jingine lolote.

Hatua za usalama kabla ya kugusa visu

Matengenezo ya visu yana hatari kubwa zaidi pale mtu anapoamini kuwa mashine imezimwa, kumbe bado inaweza kuwaka au kisu bado kinaweza kuzunguka. Kabla ya kuingiza mkono chini ya deki, hatua zifuatazo zifuatwe bila kuruka hata moja.

Kwanza, egesha mashine mahali palipo tambarare na pagumu, funga breki ya maegesho, kisha ondoa nguvu inayozungusha visu. Pili, zima injini, toa ufunguo na ukae nao mfukoni mwako. Usiuache kwenye mashine, wala usimkabidhi mtu mwingine. Tatu, subiri visu visimame kabisa, kwa kuwa huendelea kuzunguka kwa muda baada ya nguvu kuondolewa. Nne, kwa mashine ya petroli chomoa waya wa plagi na uuweke mbali na plagi yenyewe. Mashine yenye plagi mbili ichomolewe nyaya zote mbili. Kwa mashine ya dizeli, tenganisha waya hasi wa betri, na kwa ile inayotumia umeme wa betri, toa betri au kata umeme kama mtengenezaji anavyoelekeza. Tano, iache injini na bomba la moshi vipoe.

Ikiwa mashine lazima inyanyuliwe, isitegemezwe na jeki peke yake. Jeki hunyanyua tu. Kinachobeba uzito ni stendi imara za chuma au magogo mazito ya mbao yaliyowekwa chini ya fremu. Njia iliyo bora zaidi kwa mashine nyingi ni kuishusha deki hadi chini, kulegeza mkanda, kuchomoa pini zinazoishikilia na kuitoa pembeni, kwani hapo fundi hufanya kazi akiwa ameketi mahali salama badala ya kulala chini ya mashine.

Mtu anayeshughulikia visu avae glavu nzito, miwani ya kinga na viatu vilivyofunika vidole. Kisu kimoja kinapozungushwa kwa mkono, visu vingine huzunguka pia kwa sababu vimeunganishwa na mkanda mmoja. Mafundi wengi wamebanwa vidole kwa kulisahau hilo, hasa wanapofanya kazi wawili kwa pamoja.

Kusafisha deki

Majani mabichi hunata kwenye chuma pamoja na udongo, na yanapokauka huwa magumu kama udongo wa kichuguu. Tabaka hilo hutunza unyevu dhidi ya chuma, rangi hubanduka na kutu huanza. Kutu ikiachwa kwa misimu kadhaa, deki hutoboka, na gharama ya deki mpya ni kubwa mno ikilinganishwa na ile ya kisu.

Kila baada ya kazi, na hasa nyasi zilipokuwa mbichi au zenye umande, uchafu ulio chini ya deki ukwanguliwe kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu. Chuma chenye ncha kali kisitumike, kwa kuwa hukwaruza rangi na kufungua njia ya kutu. Juu ya deki, chini ya vifuniko vya mkanda na kuzunguka bomba la moshi, majani makavu yaondolewe kwa brashi. Mrundikano wa majani makavu karibu na sehemu zenye joto kali unaweza kushika moto.

Matumizi ya maji yanahitaji uangalifu. Baadhi ya deki zina tundu maalumu la kuunganisha mpira wa maji kwa ajili ya kuoshea, na hapo maelekezo ya mtengenezaji yafuatwe. Pasipo tundu hilo, usielekeze maji yenye msukumo mkubwa kwenye shafti za visu, puli wala mkanda, kwani maji huingia ndani ya beringi na kusukuma grisi nje. Baada ya kuosha, deki iachwe ikauke. Mahali ambapo rangi imebanduka pasuguliwe kwa msasa au brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya msimu wa mvua kuanza.

Kukagua visu

Kisu kikaguliwe kwa macho kabla ya kila siku ya kazi, na kila mara kinapogonga kitu kigumu kama jiwe, mzizi wa mwarobaini au kichuguu. Mambo manne huangaliwa.

La kwanza ni makali. Mapengo madogo yanaweza kuondolewa kwa kunoa. Mapengo makubwa yanayohitaji kuondoa chuma kingi ni sababu ya kubadilisha kisu. La pili ni mbawa. Mchanga huzila taratibu, na maeneo yenye udongo wa kichanga, kama yalivyo mengi ya ukanda wa pwani, huzimaliza haraka zaidi. Ukiona mfereji au ufa kati ya mbawa na sehemu bapa ya kisu, au chuma kimekuwa chembamba, kisu hicho kiondolewe kazini siku hiyo hiyo. Mbawa inayokatika huruka kwa kasi ileile iliyoelezwa hapo juu.

La tatu ni mpindo. Weka kisu juu ya sehemu iliyonyooka, au pima umbali kati ya ncha yake na sakafu, kisha kizungushe na upime ncha ya pili mahali palepale. Tofauti inayozidi milimita 3 huashiria kuwa kisu kimepinda au shafti imepinda. La nne ni tundu la katikati. Likiwa limepanuka au limepoteza umbo lake, kisu hakitakaa sawasawa hata kikikazwa kwa nguvu.

Kisu kilichopinda kisinyooshwe kwa nyundo, na kilichopasuka kisiungwe kwa kulehemu. Chuma chake kimeandaliwa kwa joto maalumu ili kistahimili mapigo, na kukipasha moto au kukigonga hudhoofisha uimara huo bila kuacha alama inayoonekana. Fedha inayookolewa ni ndogo, ilhali hatari inayobaki humkabili mwendeshaji na kila apitaye karibu.

Kunoa visu

Kwa matumizi ya kawaida, kunoa kila baada ya saa 20 hadi 25 za kazi ni kipimo kinachofaa. Kwenye uwanja wenye mchanga au mawe muda huo hupungua. Nyasi zenyewe hutoa taarifa: kisu kikali huacha ukoka umekatwa wima na safi, wakati kisu butu huurarua na kuacha ncha zenye nyuzi ambazo baada ya siku moja au mbili hugeuka rangi na kuwa kahawia. Uwanja mzima huonekana umefifia japokuwa umekatwa jana. Nyasi zilizoraruliwa pia hupoteza maji zaidi na hushambuliwa na magonjwa kwa urahisi.

Ili kukifungua kisu, weka kipande cha mbao ngumu kati ya kisu na ukuta wa deki ili kisizunguke, kisha fungua bolti kwa spana ndefu ya saizi sahihi. Bolti nyingi hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha mshale wa saa, lakini zipo mashine ambazo bolti zake zimechongwa kinyume, hivyo kitabu cha mashine kiangaliwe kabla ya kutumia nguvu. Weka alama upande wa chini wa kisu na kumbuka kilikotoka, ili kila kisu kirudi kwenye shafti yake na kwa uso uleule.

Bana kisu kwenye jiliwa. Tumia tupa, ukiisukuma kwa mwelekeo mmoja na kufuata mteremko uliopo, ambao kwa visu vingi ni takribani nyuzi 30. Noa upande wa juu pekee. Upande wa chini usinolewe, isipokuwa kuondoa vinyweleo vya chuma vilivyobaki kwa mguso mwepesi. Hesabu idadi ya misukumo ya tupa kwenye ncha ya kwanza na uirudie kwenye ncha ya pili.

Fundi anayetumia grinda ya umeme aende taratibu na kwa vipindi, akikiacha kisu kipoe. Chuma kikianza kugeuka rangi ya buluu, ugumu wake umeharibika na makali hayo hayatadumu. Aidha, si lazima makali yawe kama wembe. Makali membamba kupita kiasi hujikunja yanapokutana na jiwe la kwanza. Ukingo wenye unene wa takribani nusu milimita hukata vizuri na kudumu zaidi.

Kusawazisha uzito wa kisu

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo chanzo cha kuharibika kwa beringi nyingi. Kisu ambacho upande mmoja ni mzito kuliko mwingine hutikisa shafti maelfu ya mara kwa dakika. Beringi hulegea, nati hufunguka na hatimaye nyufa hutokea kwenye deki yenyewe.

Kipimo chake hakihitaji chombo cha gharama. Pigilia msumari imara ukutani, kisha ning'iniza kisu kwa tundu lake la katikati kikiwa kimelala mlalo. Kikibaki kimelala, kimesawazika. Upande mmoja ukishuka, huo ndio mzito. Unoe kidogo zaidi, kisha upime tena hadi pande zote mbili zilingane. Taasisi yenye mashine kadhaa inaweza kununua kifaa maalumu chenye umbo la pia, ambacho hutoa kipimo cha uhakika zaidi.

Kukirudisha kisu mahali pake

Kabla ya kufunga, safisha sehemu ya shafti ambapo kisu hukaa, kwa kuwa hata majani yaliyokauka yakibanwa hapo hukifanya kisu kikae upande. Mbawa lazima zielekee juu, yaani ndani ya deki. Kisu kilichofungwa kichwa chini huzunguka bila kukata na huwafanya wengi wadhani injini imeishiwa nguvu. Washa zote zirudi katika mpangilio wake wa awali.

Bolti ikazwe kwa kiwango kilichotajwa na mtengenezaji, kwa kutumia spana yenye kipimo cha nguvu. Kukaza kwa kukisia kuna madhara pande zote mbili: bolti iliyolegea huachia kisu, na iliyokazwa kupita kiasi hukatika au kuharibu nyuzi za shafti. Bolti iliyolika kichwa au yenye kutu nyingi isirudishwe.

Mkanda, puli na beringi

Deki ikiwa nje, fundi atumie nafasi hiyo kukagua mfumo mzima. Mkanda wenye nyufa, nyuzi zilizochomoza, au uso uliong'aa kwa kuteleza, ubadilishwe. Mkanda wa gari au wa mashine ya kusaga wenye urefu unaokaribiana usitumike kama mbadala, kwani umbo na uimara wake ni tofauti, na unaweza kuteleza au kukatika katikati ya kazi. Springi inayovuta mkanda iwe bado na nguvu, na puli zizunguke bila kuyumba.

Zungusha kila shafti kwa mkono uliovaa glavu. Mlio wa kukwaruza, mkwamo au mtikisiko wa pembeni ni dalili kwamba beringi zimechoka. Shafti zenye chuchu ya grisi zipakwe grisi kwa vipindi vilivyoelekezwa, na uchafu ufutwe kwenye chuchu kabla ya kusukuma grisi. Zile zilizofungwa na kiwanda hazihitaji grisi, na kulazimisha kuziongezea huharibu vizibo vyake.

Kulinganisha deki na ardhi

Uwanja uliokatwa ukabaki na ngazi, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, mara nyingi hausababishwi na visu bali na deki iliyoinama. Kipimo huanzia kwenye matairi. Tairi moja lenye upepo pungufu hushusha upande mzima wa mashine, hivyo upepo ulinganishwe kwanza kwa kutumia geji.

Mashine ikiwa juu ya sakafu tambarare, imezimwa na waya wa plagi umechomolewa, geuza visu vielekee kushoto na kulia, kisha pima umbali kutoka ncha ya nje ya kila upande hadi sakafuni. Tofauti isizidi milimita 3. Baada ya hapo geuza visu vielekee mbele na nyuma. Kwa mashine nyingi ncha ya mbele hutakiwa kuwa chini kidogo kuliko ya nyuma, kati ya milimita 3 na 10 kutegemea aina ya mashine, ili nyasi zikatwe mara moja na zisikatwe tena kisu kinaporudi nyuma. Marekebisho hufanywa kwa nati zilizo kwenye vishikio vya deki.

Dalili na maana yake

Mwendeshaji makini huitambua hitilafu kabla haijawa kubwa. Mtikisiko unaoanza ghafla humaanisha kisu kimepinda, kimelegea au kimepoteza mizani, na mashine izimwe papo hapo badala ya kumalizia eneo lililobaki. Mstari wa nyasi usiokatwa katikati ya njia huashiria visu vilivyolika ncha au mbawa zilizokwisha. Mafungu ya nyasi yanayoachwa nyuma yanatokana na deki iliyojaa uchafu, nyasi zenye maji au mwendo wa kasi. Harufu ya mpira unaoungua ni mkanda unaoteleza. Mlio mkali usiokoma ni beringi.

Namna ya kukata pia hupunguza matengenezo. Nyasi zikatwe zikiwa kavu, na kwa mara moja isiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Zenye sentimita 9, kwa mfano, zishushwe hadi 6. Uwanja utembelewe kwa miguu kabla ya kazi ili kuokota mawe, chupa, nyaya na mifupa. Watu wote waondolewe eneo la kazi, na kinga ya mdomo wa kutolea nyasi isifungwe kwa waya ili ibaki wazi, wala isiondolewe. Hali kadhalika, swichi ya kiti inayozima mashine pale mwendeshaji anapoinuka isiunganishwe kwa njia ya mkato.

Ratiba inayopendekezwa

Kabla ya kila kazi: kukagua visu na bolti kwa macho, upepo wa matairi, kinga na swichi za usalama.

Baada ya kila kazi: kukwangua uchafu chini ya deki na kuondoa majani makavu juu yake.

Kila saa 20 hadi 25 za kazi: kunoa na kusawazisha visu, kukagua mkanda, na kupaka grisi kama inavyoelekezwa.

Kabla ya msimu wa mvua: kuitoa deki, kuisafisha yote, kupaka rangi palipobanduka, kukagua beringi na puli, na kulinganisha deki. Katika maeneo yenye mvua za vuli na masika, kazi hii ifanyike mara mbili kwa mwaka, mwezi Septemba na mwezi Februari. Kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma na Singida, ifanyike mwezi Oktoba kabla mvua hazijaanza.

Vipuri, kumbukumbu na wajibu

Ofisa ugavi anapoagiza visu atoe taarifa kamili: aina na namba ya mfululizo wa mashine, namba ya kipuri, urefu wa kisu na umbo la tundu la katikati, ambalo linaweza kuwa la duara au la nyota. Visu viwili vyenye urefu sawa vinaweza kuwa na matundu tofauti kabisa, na manunuzi mengi yasiyofaa huanzia hapo. Visu vya deki moja vibadilishwe vyote kwa pamoja. Ni busara kuweka seti moja ya akiba stoo, ili seti iliyotumika inolewe bila kusimamisha kazi. Taasisi za umma zifanye ununuzi huo kupitia Mfumo wa Ununuzi wa Umma wa Kielektroniki, NeST, na kuuingiza katika mpango wa mwaka badala ya kusubiri mashine isimame.

Kila mashine iwe na daftari lake linaloonesha saa za kazi, tarehe ya kunoa, vipuri vilivyobadilishwa na jina la aliyefanya kazi hiyo. Daftari hilo humsaidia fundi, na pia humlinda mwendeshaji pale inapoulizwa ni lini mashine ilikaguliwa. Kazi zinazozidi uwezo wa taasisi, kama kubadilisha shafti au kurekebisha deki iliyopinda, zipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kuhakikisha mazingira na mitambo ya kazi ni salama kwa wafanyakazi. Mwajiri anayempa mwendeshaji mashine yenye kisu kilichopasuka, au asiyempa glavu, miwani na vizuia kelele, hawezi kujitetea kuwa hakufahamu. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kuvaa vifaa alivyopewa na kutoa taarifa ya hitilafu anayoiona. Mwendeshaji anayekataa kuiwasha mashine yenye mtikisiko hadi ikaguliwe asichukuliwe kuwa mvivu, kwa kuwa anatimiza wajibu wake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mashine hii, ufa huanza kwa jambo dogo: tupa isiyotumika, bolti isiyokazwa, majani yasiyokwanguliwa. Saa moja ya matengenezo kila baada ya saa 20 za kazi hugharimu kidogo. Ikitumika ipasavyo, mali ya umma itadumu, viwanja vya watoto vitabaki nadhifu, na anayeendesha mashine asubuhi atarejea nyumbani jioni akiwa na vidole vyake vyote kumi.